Unaitamkaje nginx? Mwongozo kamili wa kutamka majina ya zana za wavuti kazini

Usaili wangu wa kwanza kwa Kiingereza ulifanyika kwa njia ya video. Niliulizwa ningefanya nini iwapo mteja anaendelea kuona ukurasa wa zamani wakati mabadiliko yameshapakiwa kwenye seva. Jibu nilikuwa nalo. Nikasema, tena kwa kujiamini, kwamba kwanza ningesafisha "kachi". Msaili akakunja uso kidogo, akauliza: catch ipi, iko kwenye faili gani?

Kwenye JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, ipo catch, ile inayonasa makosa. Basi tukapoteza kama dakika mbili, yeye akiwaza makosa yaliyonaswa, mimi nikiwaza nakala za kurasa zilizohifadhiwa. Neno nililolikusudia huandikwa cache na hutamkwa "kash", sawasawa na cash ya pesa taslimu. Kazi sikuipata. Siwezi kuapa kwamba sababu ni hiyo, ila siku hiyo nilielewa jambo moja: wengi wetu fani hii tumeisoma kwa macho, si kwa masikio. Tunazijua zana, tunazitumia usiku kucha, lakini majina yake hatujawahi kumsikia mtu akiyataja.

Mwongozo huu ni njia niliyoifuata kujirekebisha. Haukufundishi kuongea kama Mmarekani. Lengo ni kwamba ukitaja zana, anayekusikiliza ajue mara moja ni zana ipi.

Hatua ya 1: Jua uko kwenye mazungumzo ya lugha gani

Ukiwa na wenzako mnaongea Kiswahili, sema databesi, sema seva, sema "nimeshapush lakini bado imegoma". Hapo hakuna kosa. Sentensi ikiwa ya Kiswahili, mdomo nao uwe wa Kiswahili. Anayebadilisha lafudhi katikati ya sentensi ili neno moja tu lisikike la Ulaya, watu humwona anajimwambafai, na hawakosei sana.

Mambo hubadilika mazungumzo yakiwa ya Kiingereza: usaili, kikao na mteja wa nje, au mkutano wa timu yenye mtu wa Kampala, mwingine wa Kigali na mwingine wa Berlin. Hapo kila mmoja ana lafudhi yake, na jina la zana ndilo kamba mnayoshikilia wote. Hatua zinazofuata zinahusu mazungumzo ya aina hiyo.

Hatua ya 2: Muulize mzazi wa jina

Jina la mtoto analijua aliyempa. Kabla ya kubishana na mtu, fungua nyaraka rasmi za zana yenyewe. Zana nyingi zimeandika matamshi kwenye ukurasa wa kwanza au kwenye sehemu ya maswali ya mara kwa mara. Ni kazi ya dakika moja.

nginx, programu ya seva ya wavuti, kwa mfano. Igor Sysoev, Mrusi, aliitoa kwa umma mwaka 2004, na tovuti yake inasema wazi kwamba ni maneno mawili: engine na herufi X. Yaani "enjin-EKS". Nimewahi kusikia "nginiks", "en-jinks", hata "ngi-ngi-eks" kutoka kwa mtu aliyeiendesha kwenye seva kumi na haikuwahi kumshinda.

Vue na Vite, zana za kutengenezea kurasa kwa JavaScript, zote ni za Evan You, ya kwanza ya mwaka 2014, ya pili 2020, na zote zina mtego wa Kifaransa. Vue hutamkwa kama view ya Kiingereza, na sisi silabi hiyo tunayo tayari: ni "vyu" ya vyuo na vyuma. Vite ni neno la Kifaransa lenye maana ya haraka, na nyaraka zake zinasema ni "vit". Sema viti vya kukalia, kisha umeze i ya mwisho. Wanaozaliwa na Kiingereza ndio wanaohangaika hapa, maana macho yao huwaambia "vait".

Django, ya kujengea tovuti kwa Python: D imekaa kimya, ni "JANG-o". Jina limetoka kwa Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi. Redis, ya kuhifadhi data, ni "RED-is", na red hiyo ni nyekundu. Deno, ya kuendeshea JavaScript, ndiyo inayotunasa sisi, kwa sababu tahajia yetu inatuambia "deno" wakati wenyewe wanasema "DI-no", na nembo yao ni dinosaria. YAML, muundo wa kuandikia mipangilio, ina kina kimoja na camel, yaani ngamia: "YA-mol". Ndivyo ilivyoandikwa kwenye vipimo vyake rasmi. JSON, muundo wa kubadilishana data, hutamkwa kama jina la mtu, Jason, na kiwango cha Ecma, shirika la viwango, kinachoieleza kina tanbihi inayosema hivyo. Utawasikia wengi wakikazia mwishoni, "jei-SON", na hakuna atakayepotea kwa hilo.

Sasa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ambayo ina kesi ndefu kidogo. Miaka ya 1970 huko IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce waliiita SEQUEL. Jina likagongana na alama ya biashara ya kampuni ya ndege ya Uingereza, Hawker Siddeley, likafupishwa kuwa SQL. Ndiyo maana hadi leo wapo wanaosema "SIKWEL" na wapo wanaotaja herufi, "es-kyu-EL". Zote mbili zina ukoo halali. Watu wa Microsoft SQL Server utawasikia zaidi wakisema "sikwel seva". Kitabu cha maelekezo cha MySQL kwa upande wake kinasema matamshi rasmi ni "mai-es-kyu-el", kisha kinaongeza kwamba hawana neno mtu akitamka kwa namna ya kwao. Hiyo My ya mwanzo ni jina la binti wa Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi. Binti yake mdogo anaitwa Maria, na huko ndiko ilikotoka MariaDB.

PostgreSQL ndiyo inayoongoza kwa kuvunja ndimi. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuwa na hifadhidata iliyoitwa Ingres; iliyoifuata wakaiita Postgres, yaani ya baada ya Ingres. Mwaka 1996 jina likapachikwa SQL mwishoni. S inatumika mara moja tu kwa pande zote mbili: "post-gres-kyu-EL". Ushauri wangu ni kusema "POST-gres" tu, ukamaliza. Wenyewe wanalikubali, na hutajikwaa.

Mzazi naye si kila mara anasikilizwa. Steve Wilhite, ambaye timu yake huko CompuServe ilitoa muundo wa picha wa GIF mwaka 1987, alisema mwaka 2013, alipopewa tuzo, kwamba ni "jif". Dunia ikamsikia, na nusu yake ikaendelea na g ya gari. Kwa GIF, fuata wanavyosema unaofanya nao kazi.

Hatua ya 3: Tambua jina ni la ukoo gani

Majina ya zana na vifupisho vyake yako katika koo chache, na ukishajua ukoo, nusu ya kazi imekwisha.

Ukoo wa herufi hutajwa herufi moja moja: CSS, HTML, PHP, URL, npm, API. Hapa ndipo "api" na "uri" zetu hugoma kueleweka na mgeni. Kanuni ni kwamba mkazo hutua kwenye herufi ya mwisho: "ei-pi-AI", "en-pi-EM", "si-es-ES". Ukikazia ya kwanza utaeleweka, ila masikio ya mwenzako yatafanya kazi ya ziada.

Ukoo wa neno huandikwa kama kifupisho lakini husomwa kama neno: GUI ni "GU-i", WYSIWYG ni "WI-zi-wig", na SaaS, programu za kukodi mtandaoni, hutamkwa sawasawa na Sass, ile ya mitindo ya kurasa, ndiyo maana siku moja nilikaa kikaoni robo saa nikidhani tunazungumzia rangi kumbe tunazungumzia malipo ya mwezi. Mchanganyiko nao upo: JPEG ni "JEI-peg", herufi moja na neno moja.

Ukoo wa tatu ni wa kuhesabu. K8s ni Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu kwenye seva nyingi: kati ya K na s kuna herufi 8. i18n ni internationalization, na a11y ni accessibility, kwa hesabu hiyo hiyo. Kwenye mazungumzo taja neno zima. Na kubectl, amri ya kuiendeshea Kubernetes? Wapo wa "kyub-kontrol", wapo wa "kyub-si-ti-el", wapo wa "kyub-kadol". Usiingie kwenye ugomvi huo. Chukua ya kwanza, inajieleza.

Hatua ya 4: Usiharibu majina ambayo Kiswahili kinakupa bure

Hatua hii huwa naipenda. Tumezoea kudhani kwamba matamshi yetu ndiyo mabovu daima, hivyo tunaharibu hata majina tuliyozaliwa nayo mdomoni.

Joomla ni neno letu. Mwaka 2005 kundi lililojitenga na mfumo wa kuendeshea tovuti ulioitwa Mambo lilihitaji jina jipya, likachukua jumla ya Kiswahili na kuiandika kwa tahajia ya Kiingereza ili Waingereza waitamke sawa. Nimemsikia Mswahili mwenzangu akisema "juum-LAA" kwa mkazo wa kigeni. Ndugu yangu, ni jumla, kama jumla na rejareja.

Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliuanzisha mwaka 2004, limetoka lugha za Kinguni na ni ndugu wa utu wetu. Mkazo uko pale pale tunapouweka sisi, silabi ya pili kutoka mwisho: "u-BU-ntu". Usiseme "yu-BAN-tu" eti ndiyo kizungu. Linux nayo, muundaji wake Linus Torvalds alijirekodi akiitamka, na i yake ni ya kwetu, "Lai-naks" haimo. Kubernetes ni Kigiriki, mshika usukani wa chombo, na mkazo wake unakaa kwenye NE, "ku-ba-NE-tis", mahali ambapo mdomo wa Kiswahili ungeuweka bila kufundishwa.

GNU, mradi wa programu huria, ni jina la nyumbu kwa Kiingereza, na nembo ya mradi ni kichwa cha nyumbu. Mnyama huitwa "nyu", ila mradi wenyewe unataka g isikike, kwa silabi moja: "gnu". Na mgeni akitaja Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya mwaka 2008, akasema "yu-sha-HAI-di", una haki zote za kumsaidia kwa upole.

Hatua ya 5: Andika matamshi kwa tahajia ya Kiswahili

Alama za kifonetiki za kwenye kamusi ni nzuri, lakini wengi hatuzisomi. Tahajia yetu husomwa kama ilivyoandikwa, kwa hiyo itumie. Kwenye daftari au simu, andika jina, mbele yake matamshi, silabi zenye mkazo kwa herufi kubwa, na konsonanti ya mwisho iache bila irabu. Ukurasa wangu una mistari kama hii:

- Git: git (g ya gari, hakuna i ya pili)
- GitHub: GIT-hab
- Debian: DE-bi-an (Debra, mpenzi wa mwanzilishi wakati huo, na Ian, mwanzilishi mwenyewe)
- Svelte: svelt
- Nuxt: nakst
- queue: kyu (herufi nne za mwisho ni mapambo)
- schema: SKI-ma
- daemon: DI-mon
- suite: swit, kama sweet ya utamu
- height: hait, si "heit"
- parameter: pa-RA-mi-ta

Hilo la mwisho linatuponza sana, maana sisi mkazo tunaupeleka kwenye MI bila kufikiri. Route ina njia mbili, "rut" na "raut". Uingereza husema ya kwanza, Marekani utasikia zote.

Hatua ya 6: Fundisha mdomo mambo matatu

La kwanza ni irabu ya mwisho. Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti, basi git inakuwa "giti", test inakuwa "testi". Zoezi: sema "giti" polepole, kisha irudie na usimame ulimi ukiwa bado umegusa nyuma ya meno. Usiuachie. Hiyo ndiyo git. Fanya hivyo kwa script, React na Next, ambayo ina konsonanti tatu zimefuatana, k, s na t, bila irabu hata moja ya kupumzikia.

La pili ni mkazo. Jina lililoundwa kwa maneno mawili yaliyounganishwa huwa na mkazo kwenye neno la kwanza: JA-va-skript, TAIP-skript, BUT-strap, FAYA-beis, WERD-pres. Sisi husema "gi-ti-HA-bu", mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama mazoea yetu. Ukirekebisha hili moja, utashangaa wanavyoacha kukuambia urudie. Kama una muda wa kurekebisha kitu kimoja tu, rekebisha mkazo, hizo irabu waachie walimu.

La tatu ni sauti zinazogeuza maana. Vuta i ya sheet kwenye style sheet. Ukiifupisha, chumba kizima kitacheka na hakuna atakayekuambia sababu. Kama lugha yako ya nyumbani inachanganya r na l, chunga crash na clash: seva iliyoanguka na faili zilizogongana zote ni balaa, ila si balaa moja. Th ya width na thread usiihofie, ni ile ile ya thelathini.

Hatua ya 7: Jifunze kusoma alama kwa sauti

Siku moja nilimwelekeza mwenzangu kwa simu jina la folda: duka, mstari, jipya. Nilimaanisha kistari cha katikati. Yeye akaweka mstari wa chini. Tovuti ikawa haipati picha hata moja, tukahangaika hadi adhuhuri.

Kwa Kiswahili tumejizoesha vizuri na alama za simu. Kila anayetumia M-Pesa Tanzania anaweza kusoma *150*00# kwa sauti: nyota, mia na hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Kwa Kiingereza nyota hiyo ni "AS-te-risk" au "star", na reli ni "hash". Mmarekani anaweza kuiita "pound". Ikikaa mbele ya C, kwenye C#, inageuka "si-SHAP". Kistari ni "HAI-fen" au "dash", mstari wa chini ni "AN-da-skoo". Mkwaju wa shuleni ni "slash", na ukilala upande wa pili ni "BAK-slash". Kiwimbi ~ ni "TIL-da". Nukta ni "dot", usiseme point isipokuwa kwenye tarakimu. Hata toleo la programu, 3.2, husomwa "three point two" au "three dot two", zote sawa.

Jizoeze na amri nzima. Chukua cd ~/duka-jipya na uisome: "si-di, speis, tilda, slash, duka, haifen, jipya". Ile "speis" usiiruke, nafasi tupu nayo ni alama.

Hatua ya 8: Peleka kwenye sentensi, kisha kikaoni

Jina likitamkwa peke yake hukaa sawa, likiingia kwenye sentensi hurudi kwenye mazoea. Kwa hiyo usirudie "nginx, nginx, nginx". Rekodi ujumbe wa sauti wa nusu dakika ukieleza mradi wako: umetumia nini, kwa nini, kipi kilikushinda. Mtumie rafiki wa fani hii WhatsApp, au ujitumie mwenyewe, usikilize kesho yake. Siku iliyofuata sikio huwa halina upendeleo. Kabla ya usaili, pitia tangazo la kazi, piga mstari chini ya kila jina la zana, na uhakikishe kila moja umelisema katika sentensi angalau mara tatu.

Kikaoni, ukikutana na jina usilolijua, acha wenyeji walitaje kwanza. Wasipolitaja, uliza waziwazi: ninyi hapa mnaitaje? Swali hilo halijawahi kunishushia hadhi, na mara mbili limefichua kwamba hata timu yenyewe haikuwa imekubaliana. Ukikosea na ukagundua, rudia jina kwa usahihi na uendelee. Usiombe radhi kwa aya nzima. Usipoeleweka mara ya pili, liandike kwenye gumzo la mkutano.

Kusahihisha wengine ni kazi ya uangalifu zaidi. Kijana unayemlea kazini mwambie pembeni, kabla hajaenda kwa mteja, na mwambie kama ulivyoambiwa wewe, si kama ulivyochekwa. Mkubwa wako akisema "nginiks" mbele ya mteja, mwache amalize. Ikifika zamu yako, sema "enjin-eks" kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama, halafu eleza kwa nini seva ilizidiwa jana usiku.